Tochi, karatasi na presha ya ndani ya fuvu: jibu kwa muuguzi wa Tanga

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi katika wodi ya majeruhi hapa Tanga. Tunapokea vijana wa bodaboda walioumia kichwa, na mara nyingine wagema walioanguka kutoka juu ya mnazi, wakiwa hawana fahamu. Tunawafuatilia kwa tochi, kwa mashine ya presha na kwa karatasi ya kuandikia. Nimesikia kwamba wapasuaji wa ubongo wanafanya utafiti wa kuwafuatilia wagonjwa wa namna hii kwa kifaa kinachoingizwa ndani ya fuvu, ambacho huonyesha presha ya ubongo kila wakati. Sisi kifaa hicho hatuna. Je, kazi yetu ya tochi na karatasi inamsaidia mgonjwa, au tunajaza fomu tu? Na huo utafiti unatufaa nini sisi wa huku?"

Jibu: Marahaba, Sista. Kazi yenu inamsaidia mgonjwa, na ushahidi mzito wa jambo hilo umetoka katika utafiti uleule wa kifaa unachokiulizia. Nitalijibu swali lako kwa urefu, kwa sababu wapo wauguzi na matabibu wengi kuanzia Pangani hadi Lushoto walio katika hali kama yenu, na kwa sababu muuguzi anayeamini kwamba anajaza fomu tu hatachelewa kuacha kuangalia.

Tuanze na kile kinachofuatiliwa. Pigo lenyewe, pale kichwa kilipogonga lami au ardhi, hufanya madhara yake kwa mara moja, na hakuna daktari anayeweza kuyarudisha nyuma. Lakini ubongo ulioumia huendelea kuumia kwa saa na siku zinazofuata: damu hujikusanya, ubongo huvimba, oksijeni hupungua, presha ya mwili hushuka. Madhara haya ya pili ndiyo tunayoweza kuyazuia, na ufuatiliaji wote, uwe wa kifaa cha gharama kubwa au wa tochi, umewekwa kwa ajili ya kuyagundua yanapoanza.

Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Ubongo wenyewe huchukua takriban asilimia 80 ya nafasi iliyomo, na sehemu iliyobaki hugawanywa karibu sawa baina ya damu na maji yanayouzunguka ubongo. Alexander Monro wa Edinburgh aliandika mwaka 1783 kwamba kiasi cha vitu vilivyomo humo hakiwezi kubadilika sana, na baadaye George Kellie akaunga mkono hoja hiyo kwa uchunguzi wake wa maiti. Ni hali ya daladala iliyokwisha kujaa, ambamo abiria mpya hupata nafasi pale tu mwingine anaposhuka. Donge la damu likianza kukua, maji ya ubongo husukumwa kuelekea kwenye uti wa mgongo na damu ya kwenye vena husukumwa nje, na kwa muda fulani presha haipandi sana, na mgonjwa huonekana yuko vilevile. Nafasi hiyo ya akiba ikiisha, ongezeko dogo tu la damu au uvimbe huipandisha presha kwa kasi kubwa. Ndiyo maana kijana aliyekuwa akiongea saa nne asubuhi anaweza kukutwa saa sita hajibu lolote, na ndugu zake wakashindwa kuelewa kilichotokea.

Kwa mtu mzima aliyelala, presha ya ndani ya fuvu kwa kawaida haizidi milimita 15 za zebaki. Mwongozo wa matibabu ya majeraha makubwa ya ubongo unaotumika Marekani na nchi nyingine nyingi, katika toleo lake la nne, unashauri tiba ianze presha inapozidi 22. Hatari ya presha hiyo ni kwamba inapingana na damu inayotaka kuingia. Ukichukua wastani wa presha ya mishipa ya mwili ukatoa presha ya ndani ya fuvu, unapata nguvu inayobaki ya kuusukumia ubongo damu, na mwongozo huohuo unataka nguvu hiyo iwe kati ya 60 na 70. Naomba uikumbuke hesabu hii, kwa maana nitairudia nitakapofika kwenye mashine ya presha.

Aliyetufundisha kuipima presha hiyo mfululizo ni Nils Lundberg, mpasuaji wa ubongo wa Lund nchini Uswidi, ambaye mwaka 1960 alichapisha kazi yake ya kupitisha mrija mwembamba hadi ndani ya ventrikali, yaani vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo, na kurekodi presha kwa saa nyingi bila kukatisha. Aliona kitu ambacho kipimo cha mara moja kisingeweza kukionyesha: kwa baadhi ya wagonjwa presha hupanda ghafla hadi 50 au zaidi, hubaki juu kwa dakika 5 hadi 20, kisha hushuka yenyewe. Kutokana na kazi hiyo, mrija wa ventrikali, na baadaye nyaya nyembamba zenye kihisio zinazowekwa ndani ya ubongo, vikawa sehemu ya matibabu katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani. Kwa miongo mingi vilitumika kwa imani kwamba lazima vinaokoa maisha, ingawa hakuna aliyekuwa amegawa wagonjwa kwa kura ili kulithibitisha hilo.

Aliyelithibitisha, au tuseme aliyelijaribu kwa haki, ni Randall Chesnut, mpasuaji wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, pamoja na wenzake wa Amerika Kusini. Utafiti wao ulifanyika Bolivia na Ekwado, katika wodi za wagonjwa mahututi zenye madaktari wenye ujuzi lakini ambazo hazikuwa na mazoea ya kutumia kihisio cha presha. Uliweza kufanyika huko kwa sababu hiyo hasa, kwani Marekani au Ujerumani daktari angeona ni kosa kumnyima mgonjwa kifaa ambacho tayari anacho. Wagonjwa 324, wenye umri wa kuanzia miaka 13, wote wakiwa na jeraha kubwa la ubongo, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja liliwekewa kihisio na kutibiwa ili presha isivuke 20. Kundi la pili halikuwekewa kihisio, bali lilifuatiliwa kwa uchunguzi wa mwili na kwa picha za CT (picha za mionzi zinazoonyesha ndani ya fuvu) zilizopigwa kwa ratiba, na lilitibiwa kwa utaratibu ulioandikwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 na yakawashtua wengi. Baada ya miezi 6, asilimia 39 ya waliowekewa kihisio walikuwa wamefariki, na asilimia 41 ya wasiowekewa. Uwezo wa walionusurika, uliopimwa kwa vipimo 21 vya utendaji na akili, haukutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Tofauti iliyoonekana wazi ilikuwa katika tiba: wasio na kihisio walipewa tiba za kupunguza uvimbe wa ubongo kwa siku nyingi zaidi, kwa sababu madaktari wao hawakuwa na namba ya kuwaambia kwamba presha imeshuka na sasa wanaweza kuziacha.

Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu utafiti huu umesomwa vibaya pande zote mbili. Wapo waliosema umethibitisha kwamba kufuatilia hakuna faida. Hilo si kweli hata kidogo, kwani makundi yote mawili yalifuatiliwa kwa bidii, na hakukuwa na kundi lililoachwa kitandani bila kuangaliwa. Kilichopimwa ni kama namba ya kihisio inaleta faida juu ya ile inayoletwa na macho, mikono na picha za CT za watu waliofundishwa. Wapo pia waliosema kwamba sasa hospitali maskini hazihitaji kihisio, na hapo nina mashaka. Katika siku 14 za mwanzo vifo vilikuwa asilimia 21 kwa wenye kihisio na asilimia 30 kwa wasio nacho. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uthibitisho wa kitakwimu, kwa hiyo siwezi kudai kwamba ni ya kweli. Lakini vifo vya baadaye ndivyo vilivyoyafanya makundi hayo mawili yakaribiane, na wagonjwa wa nchi zile, kama wa kwetu, walirudi nyumbani mahali ambapo huduma baada ya hospitali ni haba. Mimi naamini kwamba mgonjwa aliyeokolewa wodini kisha akafa nyumbani kwa vidonda vya kulalia au kwa chakula kilichoingia mapafuni anatudai jibu tofauti na lile la kihisio.

Faida kubwa ya utafiti ule kwenu, Sista, ilikuja baadaye. Watafiti haohao waliwakusanya madaktari wenye uzoefu wa kutibu bila kihisio wakakubaliana juu ya utaratibu uliochapishwa mwaka 2020, unaosema ni nani ashukiwe kuwa na presha kubwa ndani ya fuvu baada ya kutibiwa mshtuko na kupumua vizuri. Mgonjwa hushukiwa akiwa na dalili kuu moja au dalili ndogo mbili. Dalili kuu zote tatu hupatikana kwenye picha ya CT: nafasi za maji chini ya ubongo kubanwa, mstari wa kati wa ubongo kusogea zaidi ya milimita 5, au kuwepo kwa donge ambalo halijatolewa. Dalili ndogo ni nne, na moja kati ya hizo nayo inahitaji picha. Tatu zilizobaki ni hizi: mwitikio wa viungo ulio alama 4 au chini ya hapo katika kipimo cha fahamu cha Glasgow, nitakachokieleza hapa chini, mboni zisizolingana kwa ukubwa, na mboni isiyoitikia mwanga kama inavyotakiwa.

Tazama zinapatikana kwa nini: mkono mmoja wa kumbonyeza mgonjwa na tochi moja. Mbili kati ya hizo zinatosha kumfanya mgonjwa ahesabiwe kuwa katika hatari na atibiwe kwa utaratibu huo. Utaratibu uliandikwa kwa ajili ya wodi zenye CT, na hauondoi haja ya picha hiyo. Lakini unajibu swali lako la kwanza. Anayeshika tochi saa nane ya usiku ndiye mwenye taarifa inayomwamsha daktari.

Kwa kuwa taarifa hiyo ina uzito huo, lazima ipatikane kwa njia sahihi, na hapa ndipo ninapoona upungufu mwingi katika hospitali zetu. Kipimo cha Glasgow kilitungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, katika jiji la Glasgow huko Uskoti, kwa kusudi hasa la kuwezesha wauguzi na madaktari wanaopokezana zamu waongee lugha moja. Macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6. Jumla ya chini kabisa ni 3 na ya juu ni 15, na jeraha huitwa kubwa jumla inapokuwa 8 au chini yake. Kosa lililoenea ni kuandika jumla peke yake. Wagonjwa wawili wenye jumla ya 9 wanaweza kuwa tofauti kabisa: mmoja anaupeleka mkono hadi mahali unapombonyeza, mwingine anauvuta tu. Andikeni sehemu zote tatu kila mara, kwa mfano macho 2, maneno 2, viungo 5, na kama mgonjwa ana mrija kooni, andikeni kwamba ana mrija badala ya kumpa alama 1 ya maneno kana kwamba amekataa kujibu. Kati ya hizo tatu, ya viungo ndiyo inayobeba uzito mkubwa kwa mgonjwa mahututi, na inasomwa kwa upande ulio bora, si kwa upande uliopooza.

Mwaka 2014 Teasdale na wenzake walitoa maelekezo mapya ya namna ya kumwamsha mgonjwa kwa kipimo hiki. Bonyezeni ncha ya kidole, msuli wa bega, au kijishimo kilicho kwenye ukingo wa mfupa juu ya jicho, kwa nguvu inayoongezeka polepole. Kusugua mfupa wa kifua hakushauriwi tena, ingawa bado ndiko nionako zaidi. Na mnapouliza maswali ya kupima maneno, ulizeni kwa lugha ambayo mgonjwa anaifikiria. Mzee wa Kisambaa au bibi wa Kidigo aliyegongwa anaweza kushindwa kujibu Kiswahili cha haraka na akaandikwa kuwa amechanganyikiwa, ilhali mjukuu wake aliyesimama kando angempata bila taabu.

Mboni nazo zina utafiti wake. Mwaka 2018 Teasdale, pamoja na Paul Brennan na Gordon Murray, alionyesha kwa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 15,000 kwamba ukitoa alama 1 kwa kila mboni isiyoitikia mwanga kutoka kwenye jumla ya Glasgow, unapata kipimo kinachoanzia 1 hadi 15 ambacho hutabiri hatima ya mgonjwa vizuri zaidi kuliko jumla ya kawaida. Hesabu hiyo hufanywa kichwani, na kifaa chake ni tochi. Ila angalieni mambo mawili. Jicho lililopigwa lenyewe linaweza kuwa na mboni pana bila ubongo kubanwa, kwa hiyo andikeni uvimbe au jeraha la jicho mnapoliona. Jambo la pili ni kwamba mboni ikishapanuka kwa sababu ya ubongo kusukumwa, mara nyingi mgonjwa amekwisha kuteremka alama za fahamu kabla ya hapo. Anayesubiri mboni ili aite daktari amesubiri kupita kiasi.

Mara ngapi? Mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa wa kichwa aangaliwe kila nusu saa mpaka afikie alama 15, na akishafika, kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, kisha kila saa 2. Unamtaka daktari aitwe haraka ikiwa alama zimeshuka hata 1 na zikabaki hivyo kwa nusu saa, hasa ikiwa ni ya viungo. Ikiwa zimeshuka 2 za viungo au 3 za macho au maneno. Ikiwa kichwa kinauma kwa kuzidi, mgonjwa anatapika mfululizo, au mboni zimeanza kutofautiana. Najua muuguzi mmoja wa usiku ana vitanda vingi, na kumwambia awaangalie wote kila nusu saa ni kumwambia adanganye kwenye karatasi. Ni bora, kwa maoni yangu, mwanzoni mwa zamu muwachague wachache ambao wako katika saa 24 za kwanza au ambao alama zao zimeyumba, vitanda vyao visogezwe karibu na meza ya muuguzi, na hao waangaliwe kikamilifu, kuliko wote waandikwe namba ileile kwa mstari mmoja wa kalamu.

Narudi sasa kwenye mashine ya presha, ambayo katika barua yako uliitaja kwa haraka, nami naiona kuwa ndiyo kifaa chenye nguvu kuliko vyote mlivyo navyo. Yule yule Chesnut, karibu miaka 20 kabla ya utafiti wa Bolivia na Ekwado, alichapisha mwaka 1993 uchambuzi wa wagonjwa 717 wenye jeraha kubwa la ubongo. Aligundua kwamba presha ya juu ya mwili, yaani ile namba ya juu kwenye mashine, kushuka chini ya 90, katika muda kati ya ajali na kutulizwa hospitalini, kuliambatana na ongezeko kubwa la vifo, na kwamba waliopatwa na mshuko huo pamoja na upungufu wa oksijeni walikuwa katika hali mbaya kuliko wote. Ule mwongozo wa Marekani nilioutaja mwanzoni umeenda mbali zaidi na unataka presha ya juu isipungue 110 kwa mwenye umri wa miaka 15 hadi 49 na kwa aliyezidi 70, na isipungue 100 kwa mwenye miaka 50 hadi 69. Kijana wa bodaboda mwenye presha ya 95 kwa 60 huonekana kwa wengi kuwa ana presha nzuri ya kijana. Kwa ubongo ulioumia, presha hiyo haitoshi, na inapaswa kumfanya mtu aitafute damu inayovuja tumboni, kifuani au kwenye paja lililovunjika.

Hali ya kinyume ni ya hatari vilevile, na ndiyo sababu niliomba uikumbuke ile hesabu. Presha ya ndani ya fuvu inapopanda sana, mwili hupandisha presha yake ili damu iendelee kuingia kwenye ubongo, mapigo ya moyo hushuka, na pumzi hupoteza mpangilio. Harvey Cushing aliieleza hali hii mwanzoni mwa karne ya 20. Kwenye karatasi yenu itaonekana hivi: presha ya juu ilikuwa 125 na mapigo 92, saa moja baadaye 150 na 74, kisha 185 na 52. Anayesoma mstari wa mwisho peke yake atasema mgonjwa ana ugonjwa wa presha na ataomba dawa ya kuishusha. Fikiria kwamba wastani wa presha ya mishipa ni 95 na ya ndani ya fuvu ni 35. Nguvu inayobaki ni 60, inatosha kwa shida. Mpe dawa inayoshusha wastani huo hadi 75, na nguvu inayobaki ni 40. Ubongo uliokuwa ukijitetea umenyang'anywa silaha yake. Anayesoma mistari yote mitatu kwa pamoja ataelewa kwamba hii ni dharura ya kichwa, na atamwita daktari huku akiinua kichwa cha kitanda nyuzi 30, akiinyoosha shingo isipinde na kuhakikisha hewa inapita. Karatasi hufanya kazi hii kwa sababu inaonyesha mwelekeo, na mwelekeo ndio alioutafuta Lundberg kwa mrija wake.

Naomba niongeze neno kuhusu pombe, kwa kuwa umewataja wagema. Mtu anayenuka tembo na ana jeraha la kichwa ahesabiwe kuwa na jeraha la ubongo mpaka ithibitike vinginevyo. Pombe hupungua kadiri saa zinavyopita na fahamu huongezeka. Ikiwa saa zinapita na fahamu haziongezeki, au zinashuka, pombe haiwezi kubeba lawama hiyo. Pimeni sukari ya damu pia kwa kila asiye na fahamu, kwani ni kipimo cha dakika moja na kosa lake halisameheki.

Mgonjwa anapopewa rufaa kwenda Dar es Salaam, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili ambako upasuaji wa ubongo hufanyika, anakabiliwa na safari ya saa nyingi kupitia Segera na Chalinze, na huo ndio muda ambao ufuatiliaji hukatika kabisa. Sisi tunaompokea mara nyingi tunapewa karatasi ya rufaa yenye namba moja ya Glasgow isiyo na saa. Mpasuaji anayeamua kama amkimbize mgonjwa chumba cha upasuaji au la anahitaji kujua mgonjwa huyo alikuwaje jana jioni, alikuwaje alipotoka Tanga, na alikuwaje Chalinze. Tumeni nakala ya karatasi nzima ya ufuatiliaji, na muuguzi anayesindikiza aendelee kuandika ndani ya gari: oksijeni ya kidoleni, presha, mapigo, viungo, mboni, na saa ya kila kipimo. Kushuka kutoka viungo 6 hadi viungo 4 ndani ya saa tatu kunaweza kunifanya nibadilishe foleni nzima ya siku hiyo.

Umeuliza pia utafiti unaelekea wapi. Nitapita haraka, kwa sababu mengi yake bado hayajatulia hata huko yanakofanyika. Kundi la Cambridge, ambamo Marek Czosnyka alifanya kazi muhimu iliyochapishwa mwaka 1997, hulinganisha mawimbi ya presha ya mwili na ya ndani ya fuvu ili kujua kama mishipa ya ubongo bado inajirekebisha yenyewe, na kutoka hapo hujaribu kumtafutia kila mgonjwa kiwango chake badala ya kuwapa wote 60 hadi 70. Wengine huweka kihisio cha oksijeni ndani ya ubongo, ambacho chini ya milimita 20 za zebaki huonyesha hatari. Jaribio dogo la Marekani la mwaka 2017 lilitoa matumaini, kisha jaribio kubwa zaidi la Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2023, halikuonyesha faida kwa wagonjwa. Wapo pia wanaofuatilia kemikali za ubongo kwa mrija mwembamba. Nayaheshimu haya yote, lakini hakuna hata moja ambalo ningeliombea bajeti ya Tanga leo.

Moja ningelifikiria. Mshipa wa fahamu wa jicho umefunikwa na ala iliyoungana na nafasi ya maji ya ubongo, kwa hiyo presha ikipanda ndani ya fuvu, ala hiyo hutanuka. Ultrasaundi inaweza kuipima milimita 3 nyuma ya tufe la jicho, juu ya kope iliyofungwa, bila kumchoma mgonjwa. Upana unaokaribia milimita 6 huongeza shaka, ingawa mpaka hasa hutofautiana kati ya utafiti mmoja na mwingine, na kipimo hiki hakiwezi kuchukua nafasi ya kihisio wala ya CT. Mashine za ultrasaundi ziko katika hospitali nyingi kwa ajili ya kina mama. Kinachohitajika ni kishikio cha kuangalia vitu vilivyo karibu na ngozi badala ya kile cha tumbo, mtu aliyefundishwa, na kujizuia kabisa kumpima hivyo mgonjwa ambaye jicho lenyewe huenda limepasuka.

Kwa hiyo ukikaa katika kikao cha mahitaji ya wodi na ukaulizwa ni nini kinunuliwe kwa ajili ya wagonjwa wa kichwa, ningekushauri uombe kwa mpangilio huu. Kwanza, vipimaoksijeni vya kidoleni na mashine za presha zenye mikanda ya saizi zote, vya kutosha kila mgonjwa asiye na fahamu kuwa na chake, pamoja na oksijeni isiyokatika. Pili, tochi nzuri, kipimo cha sukari, na karatasi ya ufuatiliaji yenye sehemu tatu za Glasgow, mboni, presha, mapigo na saa, iliyochapishwa kwa Kiswahili ili hata mwanafunzi wa uuguzi aisome bila kubahatisha. Tatu, muuguzi wa ziada wa usiku, ombi ambalo najua ndilo gumu kuliko yote. Nne, makubaliano yaliyoandikwa kati ya wodi yenu na daktari wa zamu kwamba alama zikishuka kwa kiasi kilichotajwa atakuja, bila muuguzi kuhitaji kumbembeleza. Kihisio cha ndani ya fuvu kije baada ya hayo, siku mtakapokuwa na wodi ya mahututi yenye mashine za kupumulia, CT inayofanya kazi usiku na mchana, na mpasuaji aliye karibu wa kukiweka na kuitendea kazi namba yake.